Uliza Tukujibu: Chuo Kipya Kipewe Pesa Kwanza au Kilete Wanafunzi Kwanza?

Mwezi huu barua nyingi zimekuja juu ya vyuo vikuu, na sishangai mana kila nyumba saa hizi ina mtu anaejaza fomu za kuombea chuo au za mkopo. Nimeanza na ya Maalim wa Wete kwasababu ndo nzito kuliko zote, nyengine zimefata humo humo.

SWALI: Asalaam aleikum. Mie ni mwalimu wa skuli hapa Wete. Juzi baada ya magharibi tulikuwa barazani tunazungumza habari ya Pemba kuwa na chuo kikuu chake kamili, sio tawi, basi jamaa mmoja aliewahi kukaa Marekani akatwambia kule majimbo yana sheria kabisa, chuo kipya cha serikali hakipewi pesa wala hakiachiwi kujitegemea mpaka kifikishe idadi ya wanafunzi iliyowekwa, akataja 1,000. Wenzangu wengi wakasema ndo sawa, pesa ya serikali isichezewe. Mie naona ni kumwambia mvuvi alete samaki kwanza ndo apewe ngalawa. Hivi ni kweli hiyo sheria ipo? Na ikiletwa kwetu itatusaidia au itatumaliza? – Maalim, Wete

Waaleikum salaam Maalim. Jamaa yenu hakusema uongo, ila kasema nusu, na hiyo nusu aliyoiacha ndo yenye jibu lako.

Jimbo analolizungumza nadhani ni Texas. Kule miaka ya 2000 kulikuwa na matawi ya vyuo vikuu yaliyokuwa yanataka kuwa vyuo kamili, moja San Antonio chini ya Texas A&M ya Kingsville, jengine Killeen chini ya Tarleton, na jengine Dallas chini ya University of North Texas. Bunge la jimbo likasema tawi litasimama lenyewe likifika wanafunzi 1,000 kwa hesabu ya muda wote, na kule San Antonio pesa za majengo, kiasi cha dola milioni 40 za hatifungani, nazo zikafungwa kwa sharti la idadi. Kufika 2009 yote matatu yakavuka, na Mei mwaka ule Gavana Rick Perry akatia saini sheria ya kuyafanya ya San Antonio na Killeen kuwa vyuo vikuu vinavyojitegemea. Kwahiyo sheria ilikuwepo na ilifanya kazi.

Sasa sikiliza ile nusu ya pili. Ile idadi ilifunga milango miwili tu, mlango wa majengo makubwa na mlango wa kujitegemea. Haikufunga mlango wa mishahara ya walimu. Wakati tawi la San Antonio linahesabu wanafunzi wake 600, 700, 800, lilikuwa na mama, Kingsville, na serikali ya jimbo ilikuwa inalipia masomo ya wanafunzi wale wale kupitia kwa mama huyo. Masomo yalikuwa yanaendelea kwenye jengo la skuli ya msingi ya zamani, watu wazima wamekaa mule wanasoma shahada, lakini mwalimu analipwa na cheti kinatoka kwa chuo chenye ithibati, yani kilichokwisha kukaguliwa na kutambuliwa rasmi. Hapo ndo mfano wako wa mvuvi unapobadilika Maalim, mana ngalawa ilikuwepo, ya kuazima, alichosubirishwa ni kupewa yake mwenyewe. Jamaa anaposema "hakipewi pesa" anafanya ionekane kama chuo kiliachwa kinatafuta watoto njiani bila ya senti, haikuwa hivyo, na tukichukua hiyo idadi tukaiacha hiyo mama tutakuwa tumechukua kufuli bila ya ufunguo.

Kuna jengine watu hawalisemi. Hiyo 1,000 haikuteremka kutoka mbinguni. Kwa San Antonio kiwango kilianzia juu zaidi, bunge likakishusha baadae mpaka kufika hapo, kwasababu waliona wazi kwamba wanafunzi hawaji kwa wingi pahala hapana majengo, na majengo hayajengwi pahala hapana wanafunzi, yani kila upande unamsubiri mwenziwe. Wabunge wakakubali kuregeza. Hilo nalipenda, sheria inayoweza kurudi mezani ikaangaliwa tena. Kinachonitia khofu kwetu ni namba ikishaandikwa kwenye sheria inakuwa kama aya, hapana anaethubutu kuigusa miaka kumi.

Florida wakafanya kinyume chake. Pale Lakeland kulikuwa na tawi la University of South Florida, na mwaka 2011 bodi inayosimamia vyuo vya jimbo ikasema sawa, mtajitenga, lakini kwanza mupate ithibati, mufikishe wanafunzi 1,244 na nusu yao wawe wa sayansi na ufundi. Ikafika 2012 bunge halikusubiri, likapitisha sheria ya kukitenga hapo hapo kiwe chuo kikuu cha 12 cha jimbo, Florida Polytechnic, na masharti yale yale yakageuzwa kuwa deni la kulipwa mpaka mwisho wa 2016. Aliekuwa akiisukuma ni seneta J.D. Alexander, ndo aliekuwa mkubwa wa bajeti kwenye seneti na eneo lile la Polk ni kwao. Chuo kilifungua Agosti 2014 na wanafunzi wapatao 550, na kwasababu hakikuwa na ithibati bado, wanafunzi wake hawakuweza kupata msaada wa masomo wa serikali kuu ya Marekani, ikabidi chuo chenyewe kiwalipie kwa skolashipu ili waje. Ithibati ilipatikana 2017, yani ile tarehe ya mwanzo ilishapita. Chuo kipo mpaka leo na kinafanya vizuri, lakini fikiria miaka ile mitatu kwa mtoto wa maskini asiejua cheti chake kitakuwa na thamani gani akimaliza. Marekani pesa ya kuziba lile pengo ilipatikana. Huku kwetu nani angeiziba?

Ndo mana Maalim mie siko na wenzako wa barazani wala siko na wewe moja kwa moja. Kiwango cha wanafunzi sikikatai. Bila ya kiwango kila mwakilishi atataka chuo kikuu jimboni kwake na tutakuwa na mabango mengi kuliko maprofesa, na wakubwa wa bajeti wapo kila nchi. Ninachokataa ni kiwango kinachoifunga chuo peke yake na serikali ikabaki huru. Sheria ikisema chuo kilete wanafunzi 1,000 basi kifungu kinachofata kiseme serikali nayo itatoa nini kila mwaka mpaka ifike hiyo 1,000, nani ndo mama, vyeti vinatoka kwa jina la nani, na kile kiwango kikifikiwa pesa inatoka ndani ya miezi mingapi. Kama hayo hayamo, hiyo sio sheria ya kuanzisha chuo, ni sheria ya kukizuia.

Na historia yetu wenyewe inanipa nguvu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 kwenye jengo la TANU pale mtaa wa Lumumba, wanafunzi hawafiki 20, wote wanasoma sheria. Kwa kipimo cha Texas pale hapana chuo. Lakini kilikuwa chuo kishiriki cha University of London, 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, 1970 ndo kikasimama chenyewe. Sokoine nayo ilikuwa kitivo cha Dar kule Morogoro mpaka 1984. Wote wamepita kwa mama, na hapana hata mmoja aliekatiwa chakula ati mpaka akue.

Kwa hapa kwetu mama yupo. SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, imeanzishwa kwa Sheria namba 8 ya 1999 ya Baraza la Wawakilishi na ikaanza kufundisha 2001, na Pemba ina kampasi yake Mchangamdogo. Sasa mukitaka ikue mpaka iwe chuo kamili, musianze na namba, anzeni na kuuliza leo hii kampasi ya Pemba inatengewa shilingi ngapi kwa jina lake ndani ya bajeti ya chuo, mana fungu likiandikwa kwa jumla tu huwezi kujua tawi linakua au linasinyaa. Kwangu hilo ndo la mwanzo kabla ya yote.

SWALI: Nafundisha skuli ya msingi Konde na nimejiunga na shahada ya kusoma jioni na wikiendi. Nasikia kwenye hizo hesabu za wanafunzi sie wa muda hatuhesabiwi watu kamili. Mtu unahesabiwaje nusu na ada unalipa? – Mwalimu wa Konde

Mwalimu mwenzangu, usione vibaya, hawakuhesabu wewe bali wanahesabu masomo unayoyachukua. Kule Texas mwanafunzi mmoja wa shahada ya kwanza anachukuliwa kuwa masaa 15 ya masomo kwa muhula. Anaechukua masomo mawili ya masaa matatu matatu ana masaa 6, kwahiyo anaingia kwenye hesabu kama 0.4 ya mtu. Ukitaka "wanafunzi 1,000" kwa hesabu hiyo unataka masaa 15,000, na kama chuo chako kimejaa walimu na wauguzi wanaosoma jioni kama wewe, wote wa masaa 6, basi unahitaji vichwa 2,500 kufikisha hiyo elfu moja. Umeona tofauti? Mtu akisikia 1,000 redioni anadhani ni watu elfu moja wa kawaida.

Kwetu mfumo ni wa krediti, mwaka mzima wa shahada ni krediti 120, miaka mitatu 360, kwahiyo mwenye kuchukua 60 kwa mwaka ni nusu. Hesabu yenyewe sio dhulma, inasaidia kujua walimu wangapi wanatakiwa na madarasa mangapi. Dhulma inaingia pale sheria inapotaja namba bila ya kusema ni vichwa au ni krediti, mana Pemba ukiondoa watoto wanaotoka Form Six moja kwa moja, soko kubwa la chuo ni watu kama nyinyi, mliokwisha ajiriwa, wenye familia, msioweza kupanda boti kwenda Unguja kukaa dakhalia miaka mitatu. Chuo cha Pemba kitakuwa na watu wengi wa muda kuliko cha Tunguu kule Unguja, na kikipimwa kwa krediti tu kitaonekana kidogo siku zote ijapokuwa wikiendi parking haina nafasi.

Na kuna habari ya siku ya kuhesabu. Texas wanahesabu siku ya 12 ya masomo, aliekuwemo kwenye daftari siku hiyo ndo yumo, alieongezeka baadae keshachelewa. Sasa chukua mtu wa huku ambae mkopo haujaingia au anasubiri msimu wa karafuu alipe ada, anakamilisha usajili wiki ya sita. Kwa hesabu ya siku ya 12 huyo hayupo. Siku ikiwekwa bila ya kuangalia pesa zinaingia lini mikononi mwa watu, chuo kinapoteza watu waliomo darasani kweli kweli. Mie ningetaka wahesabiwe mara mbili kwa muhula na ichukuliwe wastani.

SWALI: Mwanangu akisoma chuo kipya halafu kikashindwa kufikisha hiyo idadi, cheti chake si kitakuwa karatasi? Na mkopo atapata? Mie mama yake ni muuza urojo, siwezi kubahatisha. – Mama wa Chake Chake

Mama yangu, khofu yako ni ya haki na mie ningekuwa wewe ningeuliza hivo hivo. Tenganisha mambo mawili. Idadi ya wanafunzi ni habari ya pesa na ya chuo kujitegemea, ithibati ni habari ya cheti. Kwetu ithibati inatolewa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, mana elimu ya juu ni jambo la Muungano, kwahiyo ijapokuwa chuo kimeanzishwa na sheria ya Baraza la Wawakilishi pale Chukwani, programu zake zinapita TCU. Chuo kikikosa idadi kinaweza kukosa majengo lakini cheti cha mtoto kilichotolewa chini ya programu iliyokwisha idhinishwa kinabaki cheti.

La kufanya ni hili, kabla mtoto hajajaza fomu mwambie afungue kitabu cha mwongozo wa udahili cha TCU cha mwaka huo, kipo mtandaoni bure, atafute jina la chuo na jina la programu yenyewe anayoitaka, vyote viwili, sio chuo peke yake. Chuo kinaweza kuwa halali na programu mpya haijakubaliwa bado. Mkopo nao unafata njia hiyo hiyo, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar na ile ya bara zote zinataka mwanafunzi awe amedahiliwa kwenye chuo na masomo yanayotambulika. Kama haimo kwenye mwongozo, asiende hata akiahidiwa laptopu. Akiambiwa "tuko mbioni kusajiliwa" amwambie anaemsajili kwamba atakuja wakishafika.

SWALI: Zanzibar yote ni watu chini ya milioni 2 na tayari tuna SUZA, Zanzibar University, Sumait, na juzi juzi wamekuja Wahindi wa IIT, chuo chao cha teknolojia. Kwanini tusiitie pesa SUZA moja ikawa na nguvu kuliko kugawana umasikini? – Fuoni, Unguja

Kaka wa Fuoni, hoja yako ina uzito na siwezi kuipuuza. Sensa ya 2022 imetupa watu 1,889,773, na maprofesa hawaoti kama mihogo. Kenya wamepita njia ya haraka, mwanzoni mwa 2013 vyuo vishiriki vingi vilipewa hati za kuwa vyuo vikuu kamili kwa mkupuo, na Pwani kule Kilifi na ile ya ufundi ya Mombasa ni miongoni mwao, halafu pesa za serikali hazikukua kwa kasi ile ile, vyuo vikubwa kwa vidogo vikaingia madeni ya mishahara na makato ya wafanyakazi. 2023 wakaleta mfumo mpya wa kumfadhili mwanafunzi badala ya chuo, na Disemba 2024 Mahakama Kuu ikatamka kwamba unakwenda kinyume na katiba. Wanafunzi ndo wanaoyumba na mawimbi hayo.

Lakini hizo ulizozitaja zote ziangalie ziko wapi. Tunguu, Chukwani, Bweleo. Makao yao yote Unguja. Pemba kuna watu 543,441 kwa sensa ile ile, yani zaidi ya robo ya nchi, na kijana wa Micheweni akitaka kusoma shahada nyingi ni lazima avuke bahari, alipe nyumba, ale nje. Ukisema "tuiimarishe iliyopo" na iliyopo iko upande mmoja basi umeshaamua nani asome kwa rahisi na nani asome kwa tabu. Mie sisemi Pemba ipewe chuo kamili kesho. Nasema fungu la Pemba liandikwe wazi, likue kwa ratiba, na programu ziende zile ambazo zina maana kule, kilimo cha viungo, uvuvi, afya, ualimu wa sayansi. Mana ukiweka programu zile zile zilizopo Tunguu, mtoto mwenye uwezo ataenda Tunguu tu na ile namba haitafika milele.

Halafu kuna hili la chuo kidogo kuwa ghali. Ni kweli, mhasibu mmoja, mkutubi mmoja, mtu wa maabara mmoja, unawahitaji hata kama wanafunzi ni 300. Texas wenyewe hawakujifanya hawalioni, kwenye mgao wao wa pesa kuna nyongeza maalum kwa vyuo vikuu vyenye wanafunzi chini ya 10,000, kwasababu wanajua ukigawa pesa kwa kichwa tu mdogo anakufa. Na masomo pia hayalipwi sawa, saa moja ya uuguzi au ya sayansi inahesabiwa nzito kuliko saa moja ya masomo ya sanaa. Kama tunataka kuiga tuige na hilo.

SWALI: Sisi vijana tunaweza kusema wapi kabla sheria kama hiyo haijapita? Au tunaletewa tu imeshaiva? – Mwanafunzi, Mkoani

Nafasi ipo mwanangu, na wengi hawaitumii. Muswada ukifikishwa Baraza la Wawakilishi unasomwa mara ya kwanza kisha unapelekwa kwenye kamati, na kamati ndo inayosikiliza maoni ya wadau kabla haujarudi kusomwa mara ya pili. Hapo katikati ndo pahala penu. Ukishasomwa mara ya pili na kupita vifungu, mnabaki kulalamika kwenye magrupu ya wasap.

Musiende na risala ndefu. Andikeni ukurasa mmoja, mutaje kifungu namba fulani, museme tunaomba neno hili liondolewe liwekwe hili. Mfano kama muswada unasema "chuo kitapatiwa fedha kitakapofikisha wanafunzi" nyinyi muandike "Serikali itatenga fedha kila mwaka kuanzia mwaka wa kwanza, na kiwango cha wanafunzi kitatumika kwa ajili ya kujitegemea tu." Ongezeni na tafsiri ya mwanafunzi, kwamba anaesoma jioni ahesabiwe vipi. Mupeleke kwa mwakilishi wa jimbo lenu na nakala kwa katibu wa kamati, mutie saini na majina ya chuo au skuli mnazotoka. Na muwaombe wale walimu wanaosoma wikiendi nao watie saini, mana wao ndo watakaohesabiwa nusu.